Maziwa ya Koko na Kinini za Damu

Yaya yangu alirudi kwetu Kadutu akiwa na mimba ya miezi mitano, sanduku moja, na viatu vya kisigino ambavyo havikuweza kupanda njia yetu. Nilivibeba mimi. Yeye alipanda miguu mitupu, akishika kuta za majirani, na mimi nikamfuata nyuma nikiangalia nyayo zake. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Mama alimpokea mlangoni kwa vigelegele vya chini chini, maana ilikuwa wakati wa vita na mtu hakupenda kufurahi kwa sauti.

Kwetu yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu alinitangulia kwa miaka minne na kwa kila kitu kingine. Vita vya kwanza vilipoingia mjini, mimi nilikuwa nimemaliza darasa la sita na yeye alikuwa karibu kupata diploma ya sekondari. Papa, baba yetu, alituita wote wawili, akasema shule itaendelea kwa mmoja tu, na kwa kuwa mmoja amekwisha kukaribia, afadhali huyo afike. Ilikuwa haki. Niliitika. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasugua sufuria kwa mchanga mpaka mama akaniuliza kama ninataka kuitoboa.

Yaya akafika. Akapata diploma, akafundisha, akaolewa na bwana wa ofisi, akakaa katika nyumba yenye bomba la maji ndani. Halafu vikaja vita vya pili. Bwana alikuwa amekwenda Kinshasa kwa kazi ya wiki mbili, nchi ikakatika katikati, yeye akabaki upande ule na sisi upande huu. Barua zake zilipita nchi za watu kabla ya kutufikia. Mama akasema mimba ya kwanza hailelewi peke yake katika nyumba ya saruji, akamwita binti yake. Papa hakuwepo kusema lolote. Alikuwa amekwama Luberizi alikokwenda kutafuta mchele, na barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, mama, yaya na mimi, na mara mbili kwa juma alikuja koko.

Koko ni mama yake mama. Aliishi Nyangezi. Zamani alikuwa na ng'ombe wengi, wakachukuliwa wote siku moja na watu wenye bunduki. Alibaki mmoja tu, kwa sababu siku hiyo alikuwa amepotea katika migomba, na koko alikuwa amemtukana asubuhi nzima kwa upotevu wake. Tangu hapo ng'ombe huyo alikuwa siri. Alifichwa ndani ya ua wa jamaa mmoja, na sisi mjini hatukutaja neno ng'ombe nje ya nyumba. Tulimwita shangazi.

"Shangazi iko anakula?" mama aliuliza barabarani.

"Anakula vizuri. Jana tu alipiga mutu teke," koko alijibu, na majirani waliosikia walidhani tuna shangazi mkali sana.

Jumanne na Ijumaa koko alipanda lori la ndizi akiwa na bidoni ya njano, dumu dogo la maziwa, ndani ya kikapu, chini ya majani ya viazi vitamu, ili askari wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, wasiyanywe. Kabla yaya hajarudi, nusu kikombe cha maziwa yale kilikuwa changu. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa changu, na koko alinipa kwa mikono yake miwili. Watu wa kwetu, wa Bushi, hawampi mtu maziwa kwa sababu ana njaa. Mwenye njaa hupewa bugali. Maziwa hupewa bibi harusi, mgeni wa heshima, mgonjwa anayependwa. Ukipewa maziwa umeambiwa kwamba wewe ni mtu.

Siku yaya aliyorudi, koko alimimina bidoni yote katika sufuria, akachemsha, akamjazia kikombe kikubwa. Kisha akanigeukia.

"Weye utakunywa mutoto akishazaliwa," akasema, na wote wakacheka. Nami nikacheka.

Baada ya juma moja yaya alikwenda kituo cha afya. Walimvuta kope la chini wakaona ndani ni peupe, wakamtoboa kidole, wakaweka tone la damu juu ya karatasi, wakalilinganisha na rangi zao. Damu kidogo sana, wakasema. Wakampa kinini za damu, vidonge vya kuongeza damu, katika bahasha ndogo, ameze moja kila siku, na akimaliza arudi kuchukua nyingine. Kinini hizo zilimchafua moyo. Mama akasema kitu kikali kinataka kitu laini, na tangu siku ile kila asubuhi yaya alimeza kinini yake kwa kikombe cha maziwa. Siku ambazo maziwa yalikuwa yameganda, aliyala kwa kijiko na kinini juu yake.

Aliyepasha maziwa ni mimi. Nilisimama kando ya mbabula, jiko letu la makaa, nikiyangoja yainuke, nikaondoa utandu, nikapeleka kikombe kitandani. Yaya alikunywa akisoma barua ya bwana wake iliyokwisha kuchakaa kwenye mikunjo. Aliponirudishia kikombe kulikuwa na mstari mweupe chini. Nilikwenda nacho nyuma ya nyumba, nikatia kidole. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilitia kidole katika kikombe cha mtu mwingine.

Kinini za kwanza zilipoisha miguu ya yaya ilikuwa imevimba, kwa hiyo nikatumwa mimi na fishi yake, kadi ya kituo. Niliwakuta wanawake wengi juu ya mabenchi, na muuguzi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya sokoni, akiwafundisha kabla ya kugawa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na ndoo.

"Nani ataniambia kinini ya damu inakunyiwa na nini?" akauliza.

"Na chai!" wakajibu pamoja, kama kanisani.

"Mulibatizwa vibaya," akasema. "Hii kinini ni chuma. Musiangaliane, hamutapata kutu. Mu tumbo kuko mulango moja kidogo, kama zile njia zenu za Kadutu, moja akipita mwingine anangoja. Chuma ikikuta maziwa kwa mulango, maziwa inapita, chuma inabakia inje, kesho unaiona kwa choo. Chai ni mubaya kupita: yeye anashika chuma mukono, anatoka naye. Lakini ndimu, chungwa, marakuja, bile bitu vya ukali, ndiyo vinashika mulango wazi."

"Na mwenye hana kitu ya ukali?" mmoja akauliza.

"Bwana mukali haitoshi, mama. Tafuta ndimu."

Walicheka sana. Muuguzi akangoja, kisha akaendelea kwamba kinini imezwe kwa maji, na maharage au mboga za lenga-lenga zilizokamuliwa ndimu. Hakatai maziwa, maziwa ni mazuri kwa mwenye mimba, lakini yawe na saa yake, na kinini saa yake, na katikati yapite masaa mawili. Chai vilevile.

Nisiseme uongo. Jambo la kwanza lililonijia si damu ya yaya. Ni kikombe. Niliona kikombe kikiondoka mkononi mwake. Nilifurahi hata nikaogopa kwamba wanawake wataniona usoni.

Zamu yangu ilipofika muuguzi alitazama fishi.

"Unachukulia nani?"

"Yaya yangu."

"Alisikia bile nilisema? Lete nimuandikie nyuma ya fishi."

"Nitaandika mimi," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Mimi huwa sijibu watu wa kazi. Labda ni kwa sababu alisema nimuandikie, kama vile mimi nilikuwa kikapu tu cha kubebea. Alinipa kalamu ya risasi na kipande cha karatasi. Ninaandika polepole, na siku ile niliandika polepole zaidi, maana wanawake wote walikuwa wakingoja nyuma yangu.

"Andika tu, binti," mmoja akasema, akijishika tumbo. "Huyu atazaliwa hapa, nawe utamuandika vilevile."

Niliandika mistari mitatu. Chuma asikunywe na maziwa wala chai. Akunywe na ndimu ao marakuja. Maziwa saa ingine. Njiani nilisimama mara mbili kuisoma tena.

Yaya aliisoma akiwa amelala, karatasi juu ya tumbo lake. Mdomo wake ukafanya kama unavyofanya mdomo wa mwalimu.

"'Asikunywe,'" akasema. "Ni asinywe. Na hii 'ingine' nayo..."

"Banasema nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Banasema niache maziwa."

Mama akaja akipangusa mikono. Alichukua karatasi, akaitazama, ingawa hajui kusoma vizuri, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hii mwandiko ni ya nani? Ni ya mama muganga?"

"Ni ya huyu," yaya akasema, akininyooshea mdomo.

"Mama muganga alisema, mimi nikaandika."

"Kwa nini haandike yeye? Hana mikono?"

"Alitaka kuandika. Nilikataa."

"Ulikataa."

Kisha mama akaketi kando ya kitanda na kusema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Mutoto wangu. Tangu yaya yako alifika, macho yako haitoke kwa ile kikombe. Mimi ninakuona. Ungesema tu, mama nipe kidogo, ningekupatia hata utandu. Sasa unaandika kabisa barua ya sentre ya afya?"

Yaya akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini alicheka, na karatasi ikapanda na kushuka juu ya tumbo lake. Nikaichukua nikaitia katika mbabula.

Ningeweza kusema, twendeni wote tukamuulize. Ningeweza kurudi kwa yule mama anipe mwandiko wake. Sikufanya hivyo. Nilijiambia, mimi nilisema. Na kesho yake asubuhi nikapasha maziwa, nikapeleka kikombe na kinini, nikasimama mlangoni nikamwangalia anavyomeza. Na kesho kutwa vilevile. Yale yaliyokuwa siri ya moyo wangu tangu zamani, kwamba kila kitu kizuri kinampitia yeye, sasa yalikuwa na ladha nyingine. Nilikuwa ninampa kitu kizuri na kujua kwamba kinamfungia mlango. Nilifanya hivyo karibu majuma mawili. Sikuwahi kuungama jambo hili, hata kwa padri.

Ndipo ikaja habari ya choo. Yaya alimwambia mama kwa aibu kwamba choo chake kimekuwa cheusi, cheusi kama makaa. Muuguzi alikuwa amesema pale kwenye mabenchi kwamba kinini hizo hufanya hivyo na mtu asiogope, lakini karatasi yangu ilikuwa na mistari mitatu tu, na hilo sikuliandika. Koko alipofika Ijumaa na kusikia, aliufunga mlango.

"Banamupatia sumu," akasema.

Wakati ule watu wa mji walikuwa wanaogopa sumu kuliko risasi. Risasi unaisikia. Koko akaanza kuhesabu nani amemletea yaya chakula: jirani wa juu aliyeleta sambaza, wale samaki wadogo, mke wa katekista aliyeleta ndizi. Mimi nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni kinini, lakini neno la mtu ambaye amekwisha kuitwa mwenye wivu ni kama neno la mlevi. Mama akaniambia nilete sufuria. Maziwa yanakata sumu, kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Kikombe kimoja cha asubuhi kikawa viwili, na kinini katikati.

Siku ya kupimwa walikwenda wawili, mama na yaya. Walirudi mchana, yaya mbele, akishika kuta, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama alivua kitambaa cha kichwa akakaa.

"Damu haikupanda," akasema. "Hata kidogo. Banasema akizaa hivi, akitoka damu, hataweza. Banasema tutafute mutu wa kumupa damu, akuwe tayari siku ile. Ku hospitali damu iko ya askari tu."

Waliulizwa kama anameza kinini zote. Anameza zote, walijibu, na ilikuwa kweli. Ya maziwa hawakusema. Muuguzi hakuwa yule mfupi, chumba kilikuwa kimejaa, na nani angetaja maziwa mbele ya watu wengi hivyo? Maziwa yana mama yake, na mama yake alikuwa Nyangezi, amefichwa.

Mama aliinua macho akanitazama. Yaya pia akanitazama, halafu akatazama chini. Papa alikuwa Luberizi. Mama mwenyewe malaria haikumwacha hata mwezi mmoja. Hakuna aliyesema jina langu. Hakukuwa na haja.

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe la kufulia. Shule nilimpa, nikawaza. Maziwa nilimpa. Sasa anataka na damu. Niliitazama mishipa ya mkono wangu kama vile ilikuwa vitu vya duka. Nilikasirika. Na chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya nishindwe kukaa: majuma mawili ya vikombe ambavyo nilivipeleka kwa mikono yangu. Kama yaya angekufa, angekufa nami nikiwa mtu pekee katika nyumba aliyejua.

Jumanne nilikwenda mwenyewe kumpokea koko pale malori yanaposimama, chini ya soko. Nilimtua kikapu, nikakiweka kichwani, tukaanza kupanda. Koko alipanda polepole akisalimia kila mtu. Nilingoja mpaka tufike mahali ambapo njia ni nyembamba na watu hawawezi kutembea kando yetu.

"Koko, maziwa inakata sumu?"

"Inakata. Uliza hata mutoto."

"Sumu yoyote?"

"Yoyote."

"Inajuaje kama hii ni sumu?"

"Namna gani, inajuaje?"

"Mutu akikula sumu na dawa pamoja, halafu akunywe maziwa. Maziwa itakata sumu peke yake, iache dawa?"

Koko alisimama. Mtu mwenye gunia alikuwa nyuma yetu, akasema pardon ili apishwe, koko hakusogea.

"Maziwa haikusoma, koko," nikasema. Nilikuwa naongea nikiangalia ukuta. "Haijue kusoma ku bahasha. Inakata tu."

Yule wa gunia akaanza kulalamika kwamba njia si ya bibi peke yake. Kisha koko akacheka, kicheko cha puani, akampisha.

"Nani alikuambia ile?"

"Mama muganga alisema maziwa na kinini vinagombania mulango. Hii ingine niliwaza mwenyewe."

"Na weye unataka ile maziwa."

Kikapu kilikuwa kizito na maziwa yalikuwa yanacheza ndani ya bidoni juu ya kichwa changu, nikiyasikia.

"Ninataka, koko. Tangu siku alifika. Lakini ni kweli vilevile."

"Mama yako anasema ni wivu."

"Ni wivu."

Alianza kupanda tena. Baada ya ngazi chache akasema, bila kugeuka, "Mwenye wivu iko na macho. Siye wengine tunaangalia mugonjwa. Weye unaangalia kikombe. Basi kikombe weye ndiyo unaijua."

Nyumbani koko hakuweka hata kikapu chini. Alisimama katikati ya chumba na kutoa amri kama mtu wa bariyeri. Kinini asubuhi, na kitu cha ukali. Chai hapana. Maziwa jioni, jua likiinama, kinini iwe imekwisha kupita mlango wake. Mama akafungua mdomo. Koko akamwambia, "Maziwa haikusoma," na akalisema kama neno lake mwenyewe, la tangu zamani. Mpaka leo Nyangezi wanalisema, na wanasema ni la koko.

Hivyo ndivyo wivu wangu ulivyolipwa. Nilikuwa nimetaka kumwondolea kitu kimoja, nikamwongezea cha pili. Kikombe cha maziwa kilibaki chake, kikahama tu kutoka asubuhi hadi jioni, na sasa ilinibidi niamke mapema kutafuta marakuja sokoni kwa wanawake waliotoka mashambani. Marakuja yakikosekana nilileta ndimu, nikakamua juu ya maharage. Nilikata, nikachuja mbegu kwa kitambaa, nikapeleka. Asubuhi kitu kichachu, jioni kitu kitamu. Wakati mwingine nilikaa jikoni nikiwa na harufu ya marakuja mikononi na kuona kwamba mimi ndiye mjinga wa mwisho wa mji mzima.

Yaya alikunja uso kila asubuhi.

"Unanilipiza," akasema siku moja.

"Kunywa."

"Unatia ukali sana, weye. Weka sukari."

"Mama muganga hakusema sukari."

"Uliandika?" akauliza, na akanitazama juu ya kikombe. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Akanywa yote, akapangusa mdomo, akasema polepole, "Niliangalia makosa yako, sikusoma yenye uliandika." Kisha akageukia barua yake. Nilitaka aseme tena, kwa nguvu, mama asikie. Hakusema tena.

Choo kiliendelea kuwa cheusi na koko akaendelea kumtazama vibaya jirani wa sambaza. Lakini midomo ya yaya ilianza kubadilika. Niliona kabla ya mtu yeyote. Koko alisema kweli, nilikuwa na macho: nilijua rangi ya midomo ile kama mfanyabiashara anavyojua kitambaa. Walipompima tena wakasema damu imepanda, lakini haijafika pazuri. Mtoaji damu aje. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Mama alifua gauni langu lenye mikono mipana.

Uchungu ulianza asubuhi, kukiwa na mvua. Tulishuka tukimshika yaya huku na huku, na yeye akifunga macho kila tulipopaswa kusimama. Hospitalini walimwingiza chumba cha uzazi pamoja na mama. Mimi nilipelekwa mbele ya mlango mwingine, juu ya benchi. Mtu wa maabara mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta alitoka na daftari.

"Weye uko damu ya nani?"

"Ya yaya yangu."

Alinitoboa kidole, akaingia, akatoka, akasema inakubaliana. Akaniambia nipandishe mkono wa gauni nikae hivyo, maana wakiita wataita haraka. Nikapandisha.

Nilikaa hapo tangu saa tatu hadi saa saba. Askari wawili walipitishwa juu ya machela. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, kisha nikakaa. Kwanza nilikuwa ninaogopa sindano. Halafu, sijui saa ngapi, nikaacha kuogopa na nikaanza kutaka. Niliwaza kwamba damu yangu itaingia ndani yake na haitatoka tena. Atakwenda Kinshasa kwa bwana wake siku njia zitakapofunguliwa, atavaa viatu vyake, atafundisha watoto wa watu kuandika, na popote atakapokuwa atatembea na kitu changu. Hiki hakuna mtu atakayeweza kusema kilikuwa chake tangu mwanzo. Niliwaza hivyo mpaka nikawa nausikiliza mlango kwa hamu, na nilipokumbuka kwamba ili niitwe lazima yaya awe anakufa, niliketi juu ya mikono yangu.

Mlango ukafunguka. Mkunga alikuwa anajipangusa kwa aproni.

"Damu ya yaya, iko wapi?"

Nikasimama.

"Shusha mukono. Amezaa, mutoto muanamuke. Alitoka damu kidogo tu, yake inatosha. Kuya umuone."

Nilibaki nimesimama na mkono mtupu. Nilifurahi, hilo ninalijua. Na juu ya furaha kulikuwa na kitu kama cha mtu aliyeleta zawadi akaambiwa mlangoni kwamba wanazo nyingi.

Ndani yaya alikuwa amelala na mtoto amefungwa kitenge kifuani mwake, na mama alikuwa ameshika mkono wa mkunga wa pili, akilia na kucheka. Mkunga huyo alikuwa anasoma fishi.

"Huyu damu yake ilikuwa chini kabisa," akasema. "Mulimukulisha nini?"

"Maziwa," mama akasema. "Maziwa ya koko yake. Kila siku Mungu alituma."

"Na marakuja!" nikasema mimi kutoka mlangoni. "Kila asubuhi! Na ndimu!"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima. Wanawake wa vitanda vingine wakageuka. Mtoto akashtuka, akaanza kulia kwa nguvu zake zote, yaya akacheka huku akijishika tumbo kwa maumivu, na mama akaniambia nitoke nje.